Mashine Ikisema "Imetumwa", Imekuahidi Nini?

"Dokta, mimi nilituma." Sentensi hii kila mwanachuo anaijua. Inasemwa mlangoni pa ofisi ya mhadhiri, siku moja baada ya tarehe ya mwisho ya kukusanya kazi, na mara nyingi anayeisema hasemi uongo. Alituma kweli. Simu iliandika "imetumwa", naye akaenda zake kulala. Lakini Dokta hana kazi hiyo. Nani kadanganya hapo? Hakuna. Shida ni kwamba neno "imetumwa" linaahidi kitu kidogo kuliko tunavyodhani.

Mimi nasoma ualimu, fizikia na hisabati, mwaka wa tatu. Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi wa umeme, na mabishano yetu ya usiku ndiyo yaliyonisukuma nikaisoma mada hii mpaka ikaniingia. Yeye anavutiwa na mashine za viwandani, mimi navutiwa na jinsi ya kumweleza mtu jambo akalielewa. Basi hapa nataka nieleze vitu viwili: barua pepe inasafiri vipi, na mashine za kiwandani zinazungumza vipi kwenye waya wa aina ile ile. Nikimaliza utaona kwa nini kuchanganya ahadi za hivyo viwili kunaweza kumgharimu mtu maksi, na mahali pengine kukagharimu uhai.

Hodi, karibu

Itifaki ni utaratibu wa mazungumzo uliokubaliwa mapema. Ukifika kwa watu unapiga hodi, unasubiri karibu, unajitambulisha, unaeleza shida yako, unaaga. Ukiingia na kuanza kueleza shida kabla ya hodi, utaulizwa kwanza wewe ni nani na umelelewa wapi. Kompyuta nazo ziko hivyo hivyo. Isiyofuata utaratibu haisikilizwi.

Itifaki za mtandao zimepangwa kwa tabaka. Chini kabisa, kwenye nyaya na swichi, kuna Etheneti, ambayo Robert Metcalfe na wenzake waliianza mwaka 1973 katika maabara za Xerox kule California. Juu yake kuna IP, inayoshughulika na anwani: kifurushi hiki kinatoka wapi, kinakwenda wapi. Juu ya IP kuna TCP, inayohakikisha vipande vinapangwa kwa mfululizo wake na kilichopotea njiani kinatumwa tena. Juu kabisa ndiko ziliko itifaki za programu, zile zenye shida yenyewe iliyoletwa: barua pepe, kurasa za wavuti, amri za mashine.

Fikiria barabara moja. Daladala inapita, lori la saruji linapita, gari la wagonjwa linapita. Lami haijui nani kabeba nini. Etheneti ndiyo lami, na itifaki za programu ndiyo mizigo. Ili mizigo isichanganyike, kila huduma ina mlango wake wenye namba, unaoitwa poti. Seva za barua pepe zinapokezana barua kwenye poti 25. Mashine nyingi za kiwandani zinasikiliza poti 502. Shika namba hizo mbili, tutazirudia.

Barua pepe inazungumza hivi

Itifaki inayosafirisha barua pepe inaitwa SMTP. Iliandikwa rasmi mwaka 1982 na Jonathan Postel, na toleo lake lingine lilitoka mwaka 2008. Barua zenyewe zilianza kupita kwenye mtandao kabla ya hapo. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine akitumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake.

Ukibonyeza "tuma", simu yako haimfuati Dokta moja kwa moja. Inaikabidhi barua kwa seva ya kampuni inayokuhudumia. Seva hiyo ndiyo inayoitafuta seva ya chuo na kuanza mazungumzo. Nimeyaweka kwa Kiswahili, ila amri na namba nimeziacha kama zilivyo:

Seva ya chuo: 220. Niko tayari.
Seva yako: EHLO. Mimi ni seva fulani.
Seva ya chuo: 250. Haya.
Seva yako: MAIL FROM. Barua inatoka kwa mwanafunzi.
Seva ya chuo: 250. Haya.
Seva yako: RCPT TO. Inakwenda kwa Dokta.
Seva ya chuo: 250. Huyo yupo.
Seva yako: DATA. Naomba nikusomee barua.
Seva ya chuo: 354. Soma. Ukimaliza, weka nukta peke yake kwenye mstari.
Seva yako: (inasoma barua yote, kisha inaweka nukta)
Seva ya chuo: 250. Nimeipokea.
Seva yako: QUIT.
Seva ya chuo: 221. Kwaheri.

Ni hayo tu. Mtu mwenye subira anaweza kuyaandika kwa mkono, neno kwa neno, na seva ikamjibu.

Zile namba ndizo matokeo. Tarakimu ya kwanza inasema yote. Ikiwa 2, umefaulu. Ikiwa 3, endelea, nakusikiliza. Ikiwa 4, umekwama kwa muda, rudi baadaye. Ikiwa 5, imeshindikana, usirudi. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, 4 ni sapu na 5 ni disko. Kwa hiyo 550 maana yake mara nyingi ni kwamba sanduku hilo halipo, au seva imekataa kukupokelea. Namba 451 ni sapu: seva ina tatizo kwa sasa. Kuna seva zinazomrudisha makusudi mgeni asiyejulikana mara ya kwanza, kwa hesabu kwamba seva ya kweli itarudi, na mtuma takataka hatarudi.

Sasa tuiangalie ile 250 ya mwisho, baada ya nukta. Hiyo ndiyo ahadi kuu ya SMTP. Maana yake: "Mzigo sasa ni wangu. Nitaufikisha, au nikishindwa nitakurudishia taarifa." Haisemi "nitaufikisha sasa hivi". Haisemi "Dokta ameusoma". Na lile neno "imetumwa" kwenye simu yako linaahidi kidogo zaidi ya hapo, maana linasema tu kwamba seva ya kwanza, ile ya kampuni yako, imeupokea mzigo.

Seva yako ikikuta seva ya chuo imezimika, barua inakaa kwenye foleni. Utaratibu wa mwaka 2008 unashauri seva isubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na isikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Siku tano! Barua iliyotumwa Jumatatu inaweza kurudi Ijumaa na taarifa kwamba imeshindikana, na muda wote huo hakuna itifaki iliyovunjwa. Hata barua ikifika kwenye seva ya chuo, bado Dokta lazima aende kuichukua, yaani programu yake izungumze itifaki nyingine, IMAP au POP3, kuitoa sandukuni. SMTP inaleta mpaka mlangoni. Kufungua mlango si kazi yake.

Huu si udhaifu. Barua pepe ilijengwa ivumilie. Seva inaweza kukatika umeme usiku kucha, ikarudi asubuhi, na barua zikaingia zote. Mtandao ulioungwa kwa mabaka unahitaji itifaki yenye subira ya namna hiyo.

Mashine haina subira hiyo

Twende sasa kiwandani. Chukua kiwanda cha maziwa. Maziwa yanapita kwenye mabomba, yanapashwa moto hadi nyuzi joto 72 na kubaki hapo kwa sekunde 15, vijidudu vife, kisha yanapozwa. Kihisi kinapima joto. Kompyuta ndogo ngumu, ambayo mafundi wanaiita PLC, inasoma kihisi na kuamua. Joto likishuka chini ya kiwango, PLC inageuza vali, na maziwa yanarudi kwenye tangi yakapashwe upya. Hayaendi kwenye pakiti.

Zamani vifaa hivi viliunganishwa kwa nyaya za aina zake, kila kampuni na zake. Siku hizi vingi vimehamia kwenye Etheneti, kwa sababu vifaa vyake ni vya bei nafuu na vinapatikana kila mahali. Itifaki moja ya zamani inayotumika sana ni Modbus. Ilitengenezwa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon, na baadaye ikawekwa juu ya TCP, kwenye ile poti 502.

Modbus haina salamu ndefu. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Swali la "joto ni ngapi?" linaweza kuwa hivi, kwa namba za msingi wa 16:

00 01 00 00 00 06 01 03 00 0A 00 01

Ni baiti 12 tu. Mbili za kwanza ni namba ya swali. Mbili zinazofuata ni sifuri, zinasema "hii ni Modbus". Mbili nyingine zinasema baiti 6 zimebaki. Kisha 01 ni namba ya kifaa, 03 ni amri ya kusoma rejista, 00 0A ni anwani ya rejista, yaani 10, na 00 01 ni idadi: nipe moja. Jibu linakuja:

00 01 00 00 00 05 01 03 02 02 D5

Zile baiti mbili za mwisho, 02 D5, ni 725. Tuliohesabu kwa kidato tunajua: mara 256 mbili ni 512, jumlisha 213. Kwa kuwa rejista ya Modbus inabeba namba nzima, mafundi hukubaliana kwamba 725 isomwe 72.5. Ndiyo hiyo nyuzi joto ya maziwa.

Swali kama hilo linaweza kuulizwa mara kadhaa kwa sekunde. Kwa mashine zinazotaka kasi zaidi kuna itifaki nyingine. PROFINET, kwa data zake za haraka, inairuka kabisa IP na kupanda fremu ya Etheneti moja kwa moja. EtherCAT, ambayo kampuni ya Beckhoff ya Ujerumani iliitoa mwaka 2003, inapitisha fremu moja ndani ya vifaa vyote, na kila kifaa kinachukua chake na kuweka chake fremu ikiwa inapita, kama abiria wanaopokezana nauli hadi kwa konda bila gari kusimama. Mzunguko mzima unaweza kuisha chini ya milisekunde 1.

Linganisha sasa. Barua pepe: jaribu tena baada ya dakika 30. Mkono wa mashine: milisekunde 1. Lami ni ile ile, ahadi ni tofauti kabisa.

PLC ikiandika barua

Hapa ndipo mimi na mwenzangu tulipobishana hadi saa nane usiku. PLC nyingi za kisasa zinajua kuzungumza SMTP. Unaziwekea anwani ya seva, na joto likishuka PLC inaandika barua yenyewe: "Joto la maziwa limeshuka, saa 8:14 usiku." Mwenzangu alisema, basi tatizo limekwisha, fundi ataamshwa na simu. Mimi nikamuuliza: umeahidiwa na nani kwamba ataamshwa?

Hesabu mikono ambayo barua hiyo inapita. PLC inaikabidhi seva ya kiwanda. Seva ya kiwanda inaipeleka seva ya nje, ambayo inaweza kujibu 451, na barua ikapanga foleni. Ikifika, kichujio kinaweza kuitupa kwenye takataka, maana barua fupi zinazofanana, zinazotoka kwa mashine, zinanuka takataka kweli. Ikipita hapo, simu ya fundi iwe na bando, iwe na chaji, na fundi awe macho. Kila mmoja njiani ametimiza ahadi yake, na maziwa mabovu yangekuwa yameshaingia kwenye pakiti.

Ndiyo maana kwenye kiwanda kilichopangwa vizuri vali haisubiri barua. PLC inaigeuza yenyewe, papo hapo, na king'ora kinalia kwenye chumba cha waendeshaji. Barua pepe inakuja nyuma kutoa taarifa: nini kimetokea, saa ngapi, kwa muda gani. Kazi hiyo inaiweza sana. Ripoti ya kila siku, kumbukumbu ya kilichoharibika, orodha ya vipuri vya kuagiza, vyote viende kwa barua pepe. Kinachohusu uhai wa mtu kikae ndani ya mashine yenyewe.

Hakuna aliyeuliza jina

Rudi kwenye yale mazungumzo ya SMTP. Seva yako ilisema "barua inatoka kwa mwanafunzi". Seva ya chuo ilijibu "haya". Je, iliuliza kitambulisho? Hapana. SMTP ya mwaka 1982 ilizaliwa kwenye mtandao mdogo wa watu wa vyuo na maabara. Ukisema wewe ni fulani, wewe ni fulani.

Modbus nayo ni vivyo hivyo. Haina nywila. Anayeweza kufika kwenye poti 502 anaweza kusoma rejista kwa amri 03, na anaweza kuandika kwa amri 06, yaani kubadilisha namba ndani ya mashine. Ilitengenezwa wakati nyaya zilikuwa ndani ya uzio wa kiwanda, na uzio ndio uliokuwa ulinzi.

Itifaki zinazomwamini kila mgeni zikiwekwa kwenye lami moja, unaweza kupata jambo kama lililotokea Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015, kampuni tatu za kusambaza umeme zilivamiwa, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani kwa saa kadhaa, majira ya baridi. Uvamizi ulianza miezi mingi kabla, kwa barua pepe zenye kiambatisho. Mfanyakazi wa ofisini alifungua waraka, akaruhusu programu iliyojificha ndani yake ifanye kazi, na wavamizi wakaingia. Wakakaa kimya, wakaiba nywila, wakatafuta njia kutoka mtandao wa ofisi hadi mtandao wa kuongozea mitambo. Siku ilipofika, wakafungua swichi kubwa za umeme kwa mbali, wafanyakazi wakiona kwenye kompyuta zao. Waliharibu hata vifaa vinavyounganisha mitambo ya zamani na Etheneti, ili amri za kurudisha umeme zisipite. Umeme ulirudi kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kuziwasha swichi kwa mikono.

Barua pepe haikuzima umeme. Ilifungua mlango tu. Ila mlango ukishafunguka, mtu aliyeko ndani anatembea kwenye lami ile ile inayobeba amri za mashine.

Dawa zipo. Kwa barua pepe kuna tatu zinazofanya kazi pamoja: SPF inaangalia kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa na wenye jina hilo, DKIM inaweka saini ya kihesabu kwenye barua, na DMARC inasema barua ikishindwa mtihani huo ifanywe nini. Kwa Modbus, mwaka 2018 lilitoka toleo linalosimba mawasiliano na kuuliza kitambulisho, kwenye poti 802, ingawa mashine za zamani hazilijui. Kiwanda nacho kinatenganisha mtandao wa ofisi na mtandao wa mitambo, na kati yao kinaweka seva ya kupokezana, ili barua za PLC zitoke lakini za nje zisiingie.

Ya kwetu hapa chuoni

Ukipata barua inayosema bumu lako limesimamishwa, bonyeza hapa uthibitishe akaunti, usiangalie jina la mtumaji. Jina ni maneno tu, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Fungua kwenye kompyuta vichwa kamili vya barua hiyo, tafuta mstari wa matokeo ya SPF, DKIM na DMARC. Zikiwa zimefeli, ifute. Zikiwa zimepita, bado soma anwani yenyewe herufi kwa herufi, kwa sababu tapeli anaweza kusajili jina linalofanana na la ofisi na kupita mtihani wote.

Ukituma kazi ya Dokta kwa barua pepe, usitume dakika ya mwisho, na omba jibu la mkono wake, hata liwe neno moja: "nimeipata". Kukitokea mgogoro, vichwa hivyo hivyo ni ushahidi. Kila seva iliyopitisha barua inabandika juu mstari wake wenye saa. Ukisoma kutoka chini kwenda juu, utaona barua iliondoka saa ngapi na ilikwama kwa nani.

Na ninyi mnaokwenda PT viwandani, mkioneshwa king'ora kinachotegemea barua pepe, ulizeni kwa heshima: barua isipofika, mashine inafanya nini yenyewe? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule haikuwa na kompyuta inayofanya kazi, kwa hiyo tulicheza SMTP kwa karatasi. Wanafunzi wanne wa kidato cha pili walisimama kwenye mstari, kila mmoja akawa seva. Barua ilipofika kwa wa tatu, akatamka kwa sauti: "250, nimeipokea," kisha akaikunja na kuitia mfukoni, kwa sababu wa nne alikuwa ametoka nje kunywa maji. Darasa likacheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, sasa kwa nini asiseme 'nimeifikisha'?" Kabla sijafungua mdomo, yule kijana akamjibu mwenyewe, mkono bado uko mfukoni: "Si kwa sababu ninayo hapa."